Programu za afya ya uzazi: kelele mlangoni, minong'ono chumbani

Majuzi alinijia afisini mwanafunzi wangu wa zamani, binti niliyemfundisha isimu miaka kadhaa iliyopita na ambaye siku hizi amejitosa katika kazi ya kuunda programu za simu. Baada ya kusalimiana na kujuliana hali, alitoa simu mkobani akaniwekea mezani. "Prof, hii tumekuletea ikiwa Kiswahili tayari," akasema. "Tunataka tu uipitishe macho, halafu utuandikie barua ya kusema lugha iko sawa."

Programu yenyewe ilihusu afya ya uzazi na ngono. Ilikusudiwa, kwa maelezo yake, watu wanaosahaulika: wasichana wa mitaa ya mabanda, viziwi, vipofu, wafugaji wa kaskazini, watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, wanaofanya kazi ya ngono, na wengine ambao wakifika zahanati hutazamwa juu chini kabla ya kusikilizwa. Nia njema kabisa. Nikavaa miwani.

Swali la kwanza lilisema: "Kipindi chako cha mwisho kilikuwa lini?" Nikamjibu kuwa kilikuwa saa nane mchana, cha fasihi simulizi, na kwamba nusu ya darasa walikuwa wamesinzia. Tukacheka. Aliyetafsiri, au mashine iliyotafsiri, alikutana na neno la Kiingereza linalobeba hedhi na kipindi cha darasani kwa pamoja, akachukua la darasani. Mbele kidogo mtumiaji aliulizwa iwapo amepata "kuruhusiwa kwa rangi ya njano". Hapo ilinibidi nirejee Kiingereza ndipo nielewe. Neno linalotaja ute au usaha unaotoka ukeni ndilo lilo hilo linalotumika mgonjwa anapopewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Tukacheka tena.

Kicheko kiliisha tulipofika ukurasa wa matokeo. "Ikiwa matokeo yako ya kipimo cha VVU ni chanya, bonyeza hapa." Binti akasema hapo hapana tatizo, neno ni sanifu, na isitoshe mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha. Nikamwambia tutoke nje kidogo. Langoni tulimkuta bawabu wetu, mzee wa makamo yangu mwenye Kiswahili kizuri cha mazungumzo. Nikamuuliza: "Mzee mwenzangu, mtu akipimwa ukimwi aambiwe matokeo yake ni chanya, yuko katika hali gani?" Akatabasamu. "Si huyo ashukuru Mungu, Profesa? Chanya si ni kitu kizuri? Kila siku mnatuambia tuwe na mtazamo chanya."

Nimeandika makala hii kwa sababu ya jibu lile. Kosa la "kipindi" linachekesha, na kila mtu huliona. Kosa la "chanya" halichekeshi, na halionekani, kwa kuwa limevaa nguo za usanifu. Mtu anaweza kulisoma, akafurahi, akazima simu, akarudi kwa mkewe au kwa mumewe bila dawa na bila kinga. Programu itakuwa imemfikia, na isimsaidie.

Katika siku hizi ambapo kila shirika na kila kaunti inataka kuwa na programu yake ya simu, hoja ya ujumuishaji imekuwa wimbo. Katiba yetu ya 2010 inaupa wimbo huo msingi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo huduma ya afya ya uzazi. Kifungu cha 7 kinaitwika serikali jukumu la kukuza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyinginezo za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Maadamu haki ya afya na haki ya lugha zimo katika waraka mmoja, hatuwezi kudai tumetimiza ya kwanza tukiwa tumeikanyaga ya pili.

Hebu sasa tuangalie mafunzo haya yalivyokuwa yakitolewa kabla ya simu. Katika jamii za pwani, msichana aliyevunja ungo, na hasa aliyekaribia kuolewa, alikuwa na somo au kungwi wake. Mbele za watu, kungwi alisema kwa mafumbo. Nyimbo zake zingeweza kuimbwa uani, watoto na wanaume wakizisikia, pasi na mtu kuambulia kitu. Walipojifungia na mwari chumbani, mafumbo yalifumbuliwa. Kila kiungo kilikuwa na jina, kila hali ilikuwa na maelezo, na mwari aliuliza atakalo. Kungwi alijua kanuni moja ambayo naona inawapita waundaji wa programu: tafsida hukaa mlangoni, uwazi hukaa chumbani.

Programu nilizopata kuzitazama, hii ya mwanafunzi wangu ikiwemo, hufanya kinyume. Mlangoni zinapiga kelele. Chumbani zinanong'ona.

Nianze na chumbani. Programu ile, kama vijitabu vingi vya afya vinavyogawiwa nchini, hutaja "sehemu za siri" kana kwamba ni mahali pamoja. "Je, unahisi maumivu katika sehemu za siri?" Sehemu ipi? Njia ya mkojo? Uke? Mlango wa kizazi? Korodani? Njia ya haja kubwa? Kwa tabibu, kila jibu lina maradhi yake na dawa yake. Mwenye kuulizwa hivi hujibu "ndiyo", na "ndiyo" hiyo haimwambii tabibu lolote. Kiswahili hakijapungukiwa na maneno hapa. Uke, uume, korodani, mfuko wa uzazi, kisonono na kaswende yote yamo kamusini. Tuliyonayo ni haya ya kuyaandika mahali mtu anapoyahitaji.

Najua kuna msomaji atakayesema kwamba Kiswahili ni lugha ya adabu na kwamba mtu mzima hatamki mambo haya hadharani. Simpingi. Nimelelewa vivyo hivyo, na hadi leo nikisikia baadhi ya maneno ndani ya matatu hutazama dirishani. Lakini simu iliyo mkononi mwa mtu mmoja, usiku, chini ya blanketi, si hadhara. Hicho ndicho chumba cha kungwi. Mtu ameingia, amefunga mlango, na ana swali ambalo pengine amelibeba miezi mitatu. Ukimnong'onezea mafumbo hapo, hujamheshimu. Umemtoroka.

Lipo jambo zito kuliko kunong'ona, nalo ni kuhukumu. Programu ile ina sura nzima iitwayo "Magonjwa ya zinaa". Istilahi hii tumeizoea mno hata hatuisikii tena. Imo katika vitabu vya shule na katika mabango ya hospitali. Hata hivyo, zinaa ni neno la sheria na dini lililotujia kutoka Kiarabu, na maana yake ni kujamiiana nje ya ndoa. Ni jina la dhambi. Chukua mwanamke aliyetulia katika ndoa yake, akaambukizwa kisonono na mumewe. Anafungua simu kutafuta msaada, na neno la kwanza linalompokea linamwita mzinifu. Chukua msichana aliyebakwa. Chukua, zaidi ya hao wote, mtoto mchanga aliyezaliwa na kaswende aliyoipata tumboni mwa mamake. Huyo naye alizini lini?

Tungeweza kusema "magonjwa yanayoambukizwa kwa kujamiiana". Ni refu, nakubali, ila linataja njia ya ugonjwa na kuacha hukumu kwa mwenye kuhukumu. Ikiwa nafasi kwenye skrini ni ndogo, "maambukizi ya ngono" yanatosha. Watu wa mawaidha wana haki ya kuzungumza juu ya zinaa katika misikiti na makanisa. Programu ya tiba ina kazi nyingine.

Hukumu haikomei hapo. Ute wa kawaida unaotoka ukeni, ambao ni dalili ya mwili wenye afya, unaitwa "uchafu". Mtu asiye na maambukizi anaitwa "safi", na msomaji hahitaji shahada ili ajue anayo maambukizi anaitwaje. Msichana anayesoma hayo hufikia uamuzi mmoja: ajifiche. Na ugonjwa haupendi kitu kama kufichwa.

Kuna mahali ambapo mtafsiri alikuwa na hazina mikononi akaitupa. Programu ya Kiingereza iliuliza juu ya mwenzi bila kutaja jinsia wala hali ya ndoa. Kiswahili kingelipokea swali hilo kwa urahisi kuliko lugha nyingi duniani. Sisi hatuna kiwakilishi cha mwanamume na kingine cha mwanamke. Yeye ni yeye, na anakuja ni anakuja. Tuna neno "mwenzi", ambalo halimwulizi mtu cheti cha ndoa. Mtafsiri akaandika "mume au mke wako". Kwa maneno hayo manne amewafungia nje wasichana ambao hawajaolewa, wajane wenye marafiki, wanaofanya kazi ya ngono, na wanaume wanaojamiiana na wanaume wenzao. Hawa wa mwisho wanatajwa kwa tahadhari katika nchi hii, maana Kanuni ya Adhabu bado inawahesabu kuwa wahalifu, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Msimamo wako, msomaji, ubaki wako. Mimi nasema tu kwamba kijidudu cha kaswende hakisomi Kanuni ya Adhabu. Mtu asiyeona swali linalomhusu hatajibu kwa ukweli, na asiyejibu kwa ukweli hatatibiwa, wala aliye naye.

Vivyo hivyo kuhusu makubaliano ya kujamiiana. Programu ilitumia neno "idhini": "Je, ulitoa idhini?" Idhini hutoka juu ikashuka chini. Mkuu wa shule hutoa idhini ya ziara, na kaunti hutoa idhini ya ujenzi. Pia mtu anaweza kuitoa huku amekunja uso. Lugha yetu inalo neno "ridhaa", ambalo hukaa moyoni, na ina kitenzi "kuridhiana", ambacho kwa kiambishi chake cha kutendana kinadai watu wawili. Msichana aliyeulizwa "Mliridhiana?" ameshafunzwa kitu ndani ya swali lenyewe.

Sasa nigeukie mlangoni, penye kelele. Mwanafunzi wangu alipoizima programu ile, simu ililia baada ya dakika chache. Juu ya skrini, kwa herufi nene, palitokea: "Kumbuka kumeza dawa zako za VVU leo!" Simu ilikuwa mezani. Mtu mwingine angeingia angesoma kabla yake. Yeye, kwa kuwa alikuwa akiifanyia majaribio tu, hakushtuka. Lakini katika nyumba nyingi za nchi hii simu haina mwenyewe mmoja. Mtoto huichezea, jirani huiazima apige, mume huikagua, na dadake mtu huipokea akiwa jikoni. Nembo ya programu yenyewe ni utepe mwekundu, unaotambuliwa hata na mtoto wa darasa la nne. Hapa sasa ndipo palipohitaji tafsida, na haikuwapo. "Wakati wa chai umefika" ingetosha. Mwenye simu angeelewa, na aliye kando yake angedhani ni chai.

Watu hawaogopi bure. Februari 2015 kulitolewa agizo la Rais la kukusanya takwimu za watoto wa shule wanaoishi na VVU pamoja na watu wengine. Kesi ilipelekwa mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuyaunganisha majina ya watu na hali yao ya VVU kwa namna ile kulikiuka haki yao ya faragha. Ng'ambo nako, Januari 2021, kampuni ya programu ya kufuatilia hedhi iitwayo Flo ilifikia maafikiano na tume ya biashara ya Marekani, baada ya kudaiwa kuwa ilizipa kampuni nyingine, Facebook miongoni mwao, habari za afya za wanawake ilioahidi kuwatunzia siri. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Sheria ni nzuri. Lakini tazama lugha inavyoichezea. Katika programu ile, maswali yote yalikuwa kwa Kiswahili. Masharti ya faragha, kurasa kumi na mbili nzima, yaliachwa kwa Kiingereza cha mawakili, na chini yake kitufe cha Kiswahili: "Nakubali". Mtu anaulizwa siri zake kwa lugha anayoijua, kisha anatia sahihi kwa lugha asiyoijua. Hiyo ridhaa ni ya nani?

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila Mkenya anasoma Kiswahili. Nalo ni kosa, na sisi wapenzi wa lugha hii hulifanya mara nyingi kuliko wengine.

Chukua viziwi. Waundaji wa programu ile walijivunia kuwa imewajumuisha kwa kuwa video zake zina maandishi ya Kiswahili chini. Hawakujua kwamba katika shule zetu mwanafunzi kiziwi hutahiniwa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Wengi wao hawakufundishwa Kiswahili kabisa. Maandishi yale kwao ni kama yangekuwa ya Kituruki. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake na msamiati wake, haifuati mpangilio wa maneno ya Kiswahili wala ya Kiingereza, na mtu hawezi kuijumuisha kwa kuongeza maandishi. Zaidi ya hayo, kiziwi akienda zahanati aghalabu hulazimika kufuatana na mtu wa kumtafsiria: mama, kaka, au mtoto wake mwenyewe. Hebu jiulize, wewe ungemweleza daktari kuhusu kisonono kupitia kinywa cha mwanao wa miaka kumi? Kwa mtu huyu, video ya dakika mbili ya kiziwi mwenzake akieleza kwa ishara ingekuwa faragha ya kwanza maishani mwake.

Chukua vipofu. Simu za kisasa zina sauti inayowasomea yaliyo kwenye skrini. Ila muundaji asipoitambulisha lugha ya maandishi yake, mashine huyasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na hata mimi niliyeona kwa macho sikuelewa nilichokisikia. Picha zilizojaa ukurasa wa jinsi ya kuvaa kondomu hazikuwa na maelezo yoyote. Sauti ilisema "picha", ikasema tena "picha", ikanyamaza.

Chukua mama wa Turkana au Mandera. Kiswahili kwake ni lugha ya soko na ya polisi. Maumivu ya tumbo lake la uzazi huyajua kwa Kiturkana au kwa Kisomali. Tena simu yake yaelekea ni mulika mwizi, isiyoweza kubeba programu hata moja. Yamkini kinachomfaa ni sauti iliyorekodiwa kwa lugha yake, aipigie bila malipo. Teknolojia ndogo si teknolojia duni. Mwaka 2010 ilianza kutumika Kenya na Tanzania huduma iitwayo m4RH, ambapo mtu alituma ujumbe mfupi akajibiwa kwa ujumbe mfupi kuhusu njia za kupanga uzazi. Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160 tu. Udogo huo humlazimisha mwandishi kusema jambo moja kwa wakati mmoja. Natamani programu zetu zenye picha za kumetameta zingelazimishwa hivyo hivyo.

Na vijana wa mitaani? Hapo nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Nimekuwa mwalimu wa Kiswahili sanifu maisha yangu yote, na sioni haya kusema kwamba baadhi ya kazi bora za lugha katika afya nchini zimefanywa na watu ambao hawakuwaogopa maprofesa. Dawa za PrEP za kumkinga asiye na VVU zilipoanza kutolewa nchini 2017, wananchi waliambiwa: "Jipende, JiPrEP." Walichukua kifupisho cha kigeni, wakakipachika kiambishi kinachorejesha tendo kwa mtendaji mwenyewe, na ghafla dawa ikawa ni jambo la kujitendea kama kujipamba au kujistiri. Hakuna kamati ya istilahi iliyowahi kunifurahisha hivyo. Kabla ya hapo kulikuwa na "Nimechill", kisha "Wacha mpango wa kando", msemo ambao umehama kutoka matangazo ya biashara hadi vikao vya harusi. Mwaka 2013 tangazo moja la runinga lililohimiza kondomu kwa walio na mipango ya kando liliondolewa baada ya viongozi wa dini kulilalamikia. Ukiniuliza, wote wawili walikuwa na hoja. Viongozi wa dini walilisikia likiwa sebuleni, mbele ya watoto. Waliolitunga walikuwa wakizungumza na watu wa chumbani. Runinga haina chumba. Simu inacho, na hiyo ndiyo fursa tunayoipoteza.

Kijana anayesema amepata "ball" anamaanisha mimba, na anayetafuta "P2" anatafuta tembe za dharura za kuzuia mimba. Akiandika maneno hayo kwenye kisanduku cha kutafuta, programu ile humjibu "hakuna matokeo". Sidai kurasa zote ziandikwe kwa Sheng'. Sheng' hubadilika kila mwaka, na ya Kayole si ya Kongowea. Lakini programu yapaswa kuielewa Sheng' inapoulizwa, hata kama itajibu kwa Kiswahili cha kawaida. Mzazi mwema humwelewa mtoto anayetamka vibaya.

Msomaji ataniuliza: basi tufanye nini? Jibu langu ni fupi na halina maajabu. Lugha iwe ya kwanza kuingia katika kazi hii, isiitwe mwisho kuja kupiga muhuri. Viziwi wakae mezani siku ya kwanza, walipwe kama anavyolipwa mwandishi wa msimbo. Kila sentensi yenye uzito wa uhai, kama ile ya matokeo, isomewe watu kumi wa aina ya bawabu wetu, kisha kila mmoja aulizwe: "Umeelewa nini? Utafanya nini sasa?" Hata mmoja akijibu vibaya, sentensi iandikwe upya. "Umepatikana na virusi vya ukimwi" ni sentensi inayouma, lakini haina njia mbili. Ifuatwe papo hapo na nyingine: "Dawa zipo, ni za bure katika vituo vya serikali, na ukizitumia vizuri utaishi."

Nina jambo moja ambalo sikumwambia binti yule siku ile, na naona heri niliseme hapa. Miaka mingi iliyopita, dawa zilipokuwa bado adimu, niliombwa kutafsiri kijikaratasi cha kituo kimoja cha upimaji. Niliketi na makamusi yangu usiku mmoja, nikaandika "matokeo chanya" na "matokeo hasi", nikaona fahari kwamba sikuazima neno hata moja la Kiingereza. Nililipwa, nikapongezwa kwa usanifu. Sikwenda kituoni kuona mtu akikisoma. Sikumuuliza bawabu yeyote. Sijui kijikaratasi kile kilisomwa na wangapi, wala wangapi kati yao walitabasamu kama alivyotabasamu mzee wetu langoni. Nimeyafikiria hayo kila usiku tangu juma lile.

Barua sikuiandika. Nilimrudishia binti simu yake pamoja na karatasi sita za masahihisho, na juu ya ukurasa wa kwanza nikamwandikia anwani ya shule moja ya viziwi na jina la muuguzi mstaafu ninayemwamini. Alinitazama, akaniuliza: "Sasa Prof, hii itachukua muda gani?" Nikamwambia itachukua muda ambao kungwi alikuwa akiuchukua. Alicheka, akatia simu mkobani. Nilimwona kupitia dirishani akisimama langoni, akaitoa tena, akaanza kumsomea bawabu ukurasa wa pili.